Kigeuzi cha Shaba na Kioo: Mtambo Mdogo Mwishoni mwa Mkongo

Uwanda wa juu wa Ufipa umelala kati ya mabonde mawili. Upande wa magharibi ardhi huteremka hadi Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki huporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, umo katika uwanda huo, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi. Mtu atokaye Sumbawanga kwenda Muze au Ilemba hana budi kuteremka ukingo wa bonde la ufa. Aendaye Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, huteremka vivyo hivyo upande wa pili. Tangu zamani umbo hilo la nchi ndilo lililoamua jinsi watu, mahindi na habari vinavyosafiri.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao huendeshwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), ulibadili sehemu moja ya hali hiyo, yaani usafiri wa habari. Mwaka huohuo wa 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukiwa na kituo chake Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuatiwa na ule wa EASSy. Njia ya magharibi ya Mkongo wa Taifa hupita Tunduma, Sumbawanga na Mpanda kuelekea Kigoma. Kwa hiyo ujumbe utokao pwani waweza kufika Sumbawanga ukiwa mwanga ndani ya uzi wa kioo.

Hata hivyo, mkongo haufiki mezani. Kompyuta ya ofisi ya mkuu wa shule, swichi ya maabara na mashine ya kumbukumbu za hospitali hazisomi mwanga. Vyombo hivyo husoma umeme upitao katika waya wa shaba. Mahali fulani kati ya mkongo na meza pana kifaa kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme, na umeme kuwa mwanga. Kifaa hicho huitwa kigeuzi. Makala haya yanaeleza kwa nini kigeuzi kinahitajika, jinsi kinavyofanya kazi, na kwa nini katika nchi yenye umbali na miteremko kama Ufipa ni jambo kubwa kwamba kigeuzi kiweze kusimamiwa na fundi aliye mbali nacho.

Mpaka wa mita 100

Mtandao wa kompyuta ulioenea kuliko yote katika ofisi na shule huitwa Itheneti. Ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, na kanuni zake zikatolewa rasmi mwaka 1983 na taasisi ya wahandisi iitwayo IEEE. Katika Itheneti habari hukatwa katika vifurushi viitwavyo fremu. Kila fremu hubeba anwani ya mpelekaji, anwani ya mpokeaji, habari yenyewe, na mwishoni tarakimu za kukagulia makosa.

Waya wa kawaida wa Itheneti una nyuzi 8 za shaba zilizosokotwa mbilimbili, yaani jozi 4. Msokoto huo si wa pambo. Alexander Graham Bell aliusajili kuwa uvumbuzi wake mwaka 1881 kwa ajili ya simu. Kelele ya umeme kutoka nje, kwa mfano kutoka katika mota au taa, huzigusa nyuzi mbili za jozi kwa kiasi kinachokaribia kulingana. Chombo kinachopokea husoma tofauti kati ya nyuzi hizo mbili, na kwa kuwa kelele iko sawa katika zote mbili, hujifuta yenyewe.

Pamoja na ufundi huo, shaba ina mpaka. Kadiri waya unavyorefuka ndivyo umeme wa ishara unavyofifia, na ndivyo ishara ya jozi moja inavyovuja na kuingia katika jozi jirani. Kanuni za Itheneti ziliweka kikomo cha mita 100 kwa waya wa namna hii. Umbali huo ni kama urefu wa uwanja wa mpira wa miguu. Katika shule nyingi za sekondari hata jengo la utawala na maabara hutengana zaidi ya hapo, sembuse mji na kijiji.

Njia ya kioo

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya utafiti huko Harlow, Uingereza, walionyesha kwamba kioo kingeweza kupeleka mwanga mbali iwapo kingesafishwa vya kutosha. Walikisia kwamba uzi wa kioo ungefaa kwa simu endapo upotevu wa mwanga ungeshuka hadi desibeli 20 kwa kilomita, yaani sehemu moja tu katika 100 ibakie baada ya kilomita moja. Kiwango hicho kilifikiwa mwaka 1970 na Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009.

Siku hizi upotevu umepungua sana. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,550 hupoteza takriban desibeli 0.2 tu kwa kilomita, maana yake zaidi ya asilimia 95 hubakia baada ya kilomita nzima. Mwanga wa nanomita 1,310 hupoteza takriban desibeli 0.35. Aina zote mbili ni mwanga usioonekana kwa macho.

Uzi wenyewe una kipenyo cha mikromita 125, unene unaokaribia ule wa unywele. Katikati yake mna kiini, ambacho kwa nyuzi za masafa marefu kina upana wa mikromita 9 hivi. Kioo cha kiini hupinda mwanga zaidi kidogo kuliko kioo kinachokizunguka. Kwa sababu hiyo mwanga unaojaribu kutoka kwa pembe ya kulalia huakisiwa wote na kurudi ndani. Hiyo ndiyo kanuni ya uakisi kamili wa ndani ambayo wanafunzi huisoma kwa kutumia prizimu na beseni la maji. Hata hivyo, uzi ukipindwa mno baadhi ya mwanga hutoroka, ndiyo maana mafundi hukatazwa kuukunja kama kamba.

Kazi ya kigeuzi

Mtu anaweza kudhani kwamba kigeuzi ni taa tu inayowaka na kuzimika kufuata umeme. Kazi yake ni kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa lugha ya shaba na lugha ya kioo zinatofautiana.

Katika Itheneti ya megabiti 100 kwa sekunde, ishara ya shaba ina viwango vitatu: volti chanya, sifuri na volti hasi. Mwanga hauna hasi. Ama upo kwa wingi, ama ni hafifu. Kwa hiyo kigeuzi husoma viwango vitatu, hutambua tarakimu zilizokusudiwa, kisha huziandika upya kwa viwango viwili vya mwanga. Katika Itheneti ya megabiti 1,000 tofauti ni kubwa zaidi. Huko shaba hutumia jozi zote 4 kwa pamoja, kila jozi ikipeleka na kupokea wakati uleule, kwa viwango 5 vya volti na mapigo milioni 125 kwa sekunde. Upande wa kioo tarakimu zilezile hupangwa katika mstari mmoja wa mapigo milioni 1,250 kwa sekunde, kwa kuwa kila tarakimu 8 huandikwa kwa 10 ili mpokeaji asipoteze mwendo wa saa.

Kigeuzi basi ni mkalimani. Hakiongezi neno wala hakipunguzi. Fremu iliyoingia upande mmoja hutoka upande wa pili ikiwa na maana ileile. Aghalabu ni kisanduku kisichozidi ukubwa wa kitabu, kinachotumia wati chache za umeme, chenye tundu la waya wa shaba upande mmoja na tundu la uzi wa kioo upande mwingine. Vigeuzi hufanya kazi wawiliwawili, mmoja kila mwisho wa uzi. Vingine hutumia nyuzi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Vingine hutumia uzi mmoja, ambapo kigeuzi cha kwanza hupeleka kwa nanomita 1,310 na kupokea kwa 1,550, na mwenzake hufanya kinyume. Vigeuzi viwili vya namna moja katika mfumo huo haviwezi kuongea, mithili ya watu wawili wanaosema wakati mmoja na hakuna anayesikiliza.

Radi na kioo

Katika mazungumzo ya watu nchini jina la Sumbawanga huandamana mara nyingi na masimulizi ya radi. Fizikia ina maelezo yake juu ya radi katika nyanda za juu, na ina maelezo pia juu ya kuharibika kwa vyombo vya umeme. Radi ipigapo, hata kama haikulenga waya, huzusha katika waya mrefu wa shaba mkondo wa ghafla ambao huingia katika kompyuta kwa njia ileile ipitayo habari. Kioo hakipitishi umeme. Majengo mawili yakiunganishwa kwa uzi wa kioo, pigo lililopata jengo moja halina njia ya kufika jengo la pili kwa kupitia uzi huo.

Faida hiyo ina masharti mawili. La kwanza, baadhi ya mikongo hutiwa waya au ganda la chuma ili kuipa nguvu, na chuma hicho hakina budi kuunganishwa na ardhi. La pili, kigeuzi chenyewe hupata umeme kutoka ukutani, na pigo laweza kukifikia kwa mlango huo. Mahali penye radi nyingi kinga ya waya wa umeme ni ya lazima hata kama mawasiliano yote yanapita katika kioo.

Ukimya wa kifaa

Vigeuzi rahisi vina kasoro moja kubwa, nayo ni ukimya. Na ichukuliwe kwamba shule iliyo kilomita 30 kutoka Sumbawanga imeunganishwa na mji kwa uzi wa kioo wenye kigeuzi kila mwisho. Asubuhi moja mawasiliano yanakatika. Fundi aliye mjini anaona tu kwamba shule haijibu. Huenda uzi umekatwa na jembe la mtu anayechimba mtaro. Huenda umeme umekatika shuleni. Huenda mfagiaji amechomoa waya bila kujua. Kwa fundi sababu zote hizo zina sura moja.

Mbaya zaidi, baadhi ya vigeuzi rahisi huacha taa ya upande wa shaba ikiwaka hata uzi wa kioo ukiwa umekatika, na swichi ya mjini huendelea kudhani kwamba njia ni nzima. Vigeuzi bora hupitisha hitilafu: mwanga ukitoweka upande mmoja, kigeuzi huzima kwa makusudi upande wa pili, ili swichi itambue mara moja na, kama ipo njia nyingine, iitumie.

Hapo ndipo umbali wa Ufipa unapoingia katika hesabu. Katika miezi ya mvua, kati ya Novemba na Aprili, safari ya kwenda kijiji kilicho nje ya barabara kuu yaweza kula siku nzima. Fundi aliyebeba mashine ya kuunga nyuzi akikuta kwamba kilichohitajika ni kuchomeka waya tu, siku imepotea na mafuta yamepotea. Aliyekwenda bila mashine hiyo na kukuta uzi umekatwa hana budi kurudi mjini kuifuata. Wakati huohuo shule haiwezi kutuma majina ya watahiniwa, au kituo cha afya hakiwezi kupeleka taarifa zake.

Kusimamiwa kwa mbali

Mwaka 2004 taasisi ya IEEE ilipitisha kanuni ziitwazo 802.3ah, ambazo pamoja na mambo mengine zinaeleza jinsi vyombo viwili vilivyo kwenye miisho ya njia moja vinavyoweza kuulizana hali. Vigeuzi vyenye uwezo huo hupelekeana fremu fupi za pekee, zisizozidi 10 kwa sekunde, katika uzi uleule unaobeba habari za watu. Hakuna waya wa ziada unaohitajika. Kigeuzi cha mjini hukusanya majibu ya mwenzake wa kijijini na kumwonyesha fundi kwenye kompyuta. Kazi hiyo ya mwisho mara nyingi hufanywa kwa itifaki ya SNMP, ambayo imetumika katika mitandao tangu mwaka 1988.

Mambo manne huwezekana kwa njia hiyo.

La kwanza ni ripoti ya hali. Kigeuzi cha mbali hueleza iwapo tundu lake la shaba lina uhai, kwa mwendo gani, na fremu ngapi zilizofika zikiwa na makosa.

La pili ni kipimo cha mwanga. Vigeuzi vingi hupima nguvu ya mwanga unaotoka na unaoingia, pamoja na joto na volti za kifaa.

La tatu ni jaribio la kurudisha. Fundi huamuru kigeuzi cha mbali kirudishe kila fremu kinachopokea. Fremu zikirudi salama, uzi na vigeuzi ni vizima. Jaribio hili husimamisha huduma kwa muda, hivyo hufanywa kwa uangalifu.

La nne, na pengine la kustaajabisha kuliko yote, ni ujumbe ambao wahandisi huuita pumzi ya mwisho. Ndani ya kigeuzi mna kapasita inayohifadhi umeme kidogo. Umeme wa ukutani ukikatika, kapasita hukiweka kigeuzi hai kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, muda unaotosha kutuma fremu moja yenye maana kwamba umeme umekatika. Kisha kifaa hunyamaza.

Sasa mfano wa ile shule na urudiwe. Ikiwa pumzi ya mwisho ilifika kabla ya ukimya, chanzo ni umeme, na fundi hana haja ya kusafiri. Simu moja kwa mkuu wa shule yatosha. Ikiwa ukimya ulikuja bila ujumbe huo, na mwanga utokao shuleni umetoweka, yaelekea uzi umekatika, na fundi ataondoka akiwa na mashine ya kuungia. Ikiwa kigeuzi cha shule kinajibu vizuri lakini tundu lake la shaba limekufa, tatizo limo ndani ya ofisi ya shule, na mwalimu anaweza kuelekezwa kwa simu akague waya na swichi.

Kwa Sumbawanga tofauti kati ya umeme kukatika na uzi kukatika ina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi mji huo ulikuwa nje ya gridi ya Taifa na ulipata umeme kutoka Zambia kwa laini ipitayo Mbala. Hitilafu iliyotokea ng'ambo ya mpaka iliweza kuuacha mji gizani. Betri au paneli ndogo ya jua hutosha kwa kigeuzi kwa kuwa kinatumia wati chache, na pumzi ya mwisho humwonyesha fundi ni vituo vipi vinavyohitaji msaada huo zaidi.

Hesabu ya mwanga

Kipimo cha mwanga kina faida nyingine, yaani kugundua ugonjwa kabla ya kifo. Nguvu ya mwanga hupimwa kwa desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja. Kila desibeli 10 zikipungua nguvu hubakia sehemu ya kumi, na kila desibeli 3 zikipungua hubakia nusu hivi.

Na ichukuliwe kwamba kigeuzi cha mjini kinatoa mwanga wa miliwati 0.2, ambayo ni desibeli 7 chini ya miliwati moja. Uzi una urefu wa kilomita 30, na mwanga ni wa nanomita 1,310. Uzi utapoteza 30 × 0.35, yaani desibeli 10.5. Viungio viwili vya kuchomeka vitapoteza desibeli 1 kwa jumla, na maungio kumi ya kuyeyushwa desibeli 1 nyingine. Jumla ya upotevu ni desibeli 12.5. Mwanga utafika shuleni ukiwa desibeli 19.5 chini ya miliwati moja. Ikiwa kigeuzi cha shule kinaweza kusoma mwanga hadi desibeli 28 chini, akiba iliyobaki ni desibeli 8.5.

Baada ya miezi kadhaa kipimo kikionyesha desibeli 24.5 chini, mawasiliano yangali mazuri na hakuna mtumiaji aliyelalamika. Lakini desibeli 5 zimetoweka, maana yake mwanga unaofika haufiki theluthi moja ya ule wa awali. Pengine vumbi limeingia katika kiungio, au uzi umekunjwa mahali. Fundi aliyeona namba hiyo anaweza kupanga safari wakati wa kiangazi badala ya kuitwa kwa haraka katikati ya masika.

Tahadhari

Chombo kinachoweza kuamriwa kutoka mbali chaweza pia kuamriwa na mtu asiyehusika. Neno la siri lililowekwa na kiwanda halina budi kubadilishwa siku ya kwanza, na njia ya usimamizi itengwe na ile ya watumiaji. Matoleo ya mwanzo ya SNMP yalipeleka maneno ya siri wazi. Toleo la tatu huweza kuyaficha.

Tena, mtu yeyote asichungulie ndani ya uzi au tundu la kigeuzi. Mwanga wake hauonekani, na jicho halitajua kwamba linaumizwa.

Mwisho, usimamizi wa mbali haumwondoi fundi. Uzi uliokatika utaungwa kwa mikono, pale ulipokatika. Manufaa yake ni kwamba fundi huondoka Sumbawanga akijua aendako, anachokwenda kufanya, na kifaa gani atabeba. Shule, kwa upande wake, hupata jibu la kweli mapema kuhusu sababu ya ukimya wake.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa nini kelele ya umeme hujifuta katika jozi iliyosokotwa, lakini haijifuti katika waya mmoja pekee?

2. Rudia hesabu ya uzi wa kilomita 30 kwa mwanga wa nanomita 1,550 unaopoteza desibeli 0.2 kwa kilomita. Akiba itakuwa kiasi gani?

3. Mwanga husafiri ndani ya kioo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kipimo kilituma pigo la mwanga katika uzi uliokatika, na mwangwi ukarudi baada ya sekunde 0.0001. Uzi umekatika umbali gani kutoka kwenye kipimo?

4. Vigeuzi vya vijiji vitatu vimenyamaza wakati mmoja, na vyote vilituma pumzi ya mwisho. Je, fundi atafute hitilafu wapi kwanza, na kwa nini?